Kabla ya Kumtuma Mkazi wa Kudumu: Somo kwa Kamati za Parokia



Somo la toleo hili linahusu jambo ambalo halimo katika bajeti ya mradi wala katika orodha ya vifaa, lakini linagusa maisha ya watu tunaowatuma. Ni hesabu ya miaka ya kuomba uraia wa Marekani kwa wale walio wakazi wa kudumu, yaani wenye kadi ya kijani, wanapokwenda kufanya kazi nje ya nchi hiyo.

Katika parokia zilizoko Marekani wapo waumini wengi waliotoka Kongo, Burundi, Tanzania na Kenya. Baadhi yao waliingia kama wakimbizi baada ya kukaa miaka mingi kambini, kwa mfano kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma. Mradi wa visima, zahanati au shule unapoanza Afrika Mashariki, hao ndio tunaowafikiria kwanza. Wanajua lugha, wanajua mila, na wana moyo wa kurudi kusaidia. Kamati inapendekeza jina, wafadhili wanachanga nauli, parokia rafiki inaandaa nyumba ya kufikia. Mara nyingi hakuna anayeuliza: je, safari hii itamgharimu nini mtu huyu katika safari yake ya uraia?

Lengo la somo hili ni kuisaidia kamati kuuliza swali hilo mapema, kwa sababu mengi yanayoweza kufanyika hufanyika kabla ya safari au kabla ya mwaka mmoja kupita. Baada ya hapo dawa ni chache.

Kwa nini uraia ni jambo kubwa

Wapo wanaosema kwamba mwenye kadi ya kijani ana kila kitu. Sivyo. Mkazi wa kudumu hawezi kuwaombea wazazi wake wahamie Marekani; raia mwenye umri wa miaka 21 au zaidi anaweza. Mkazi wa kudumu hapigi kura katika uchaguzi wa taifa. Akikaa nje muda mrefu anaweza kuulizwa kama bado anaishi Marekani, lakini raia haulizwi hivyo.

Tena kuna watoto. Chini ya sheria iliyoanza kutumika tarehe 27 Februari 2001, mtoto mwenye kadi ya kijani, aliye chini ya miaka 18 na anayeishi Marekani chini ya malezi halali ya mzazi wake, hupata uraia moja kwa moja siku mzazi huyo anapokuwa raia. Mtoto akishatimiza miaka 18 mlango huo umefungwa, na itambidi aombe mwenyewe. Kwa hiyo mzazi akichelewa miaka miwili au mitatu, anayelipa gharama anaweza kuwa mtoto.

Hesabu mbili zinazotazamwa

Mkazi wa kudumu anayeomba uraia kwa fomu N-400 kwa kawaida hutakiwa kuwa ametimiza miaka 5 ya ukazi. Aliyeoana na raia na kuishi naye anaweza kuomba baada ya miaka 3. Ndani ya muda huo kuna hesabu mbili, nazo zisichanganywe.

Hesabu ya kwanza ni ukazi mfululizo. Hapa linatazamwa kama makao ya mtu yameendelea kuwa Marekani bila kukatika.

Hesabu ya pili ni siku za kuwapo nchini. Hapa zinahesabiwa siku ambazo mtu alikuwapo Marekani yeye mwenyewe. Katika miaka 5 anatakiwa awe na angalau miezi 30. Kwa anayetumia njia ya miaka 3, ni miezi 18.

Mtu anaweza kufaulu hesabu moja na kushindwa nyingine. Anayesafiri kila mwaka kwa safari fupi fupi anaweza asikate ukazi wake, lakini siku zikijumlishwa zikapungua. Haba na haba hujaza kibaba, na siku za nje nazo hujaza kibaba chake.

Mipaka miwili: miezi sita na mwaka mmoja

Safari isiyozidi miezi 6 kwa kawaida haikati ukazi mfululizo.

Safari inayozidi miezi 6 lakini haifiki mwaka huleta dhana kwamba ukazi umekatika. Dhana hiyo inaweza kupingwa, lakini mwombaji ndiye mwenye kazi ya kuthibitisha. Ataonyesha kwamba hakuacha kazi yake ya Marekani, familia yake ya karibu ilibaki huko, nyumba yake iliendelea kuwa tayari kwa ajili yake, na kwamba hakuajiriwa huko alikokwenda.

Safari ya mwaka mmoja au zaidi hukata ukazi mfululizo, isipokuwa kama mtu ana idhini ya kuulinda, ambayo tutaieleza. Hapo hakuna kujitetea kwa barua nzuri ya paroko wala kwa picha za kisima kilichokamilika. Wema wa kazi hauingii katika hesabu hii.

Tuchukue mfano

Tuseme fundi wa maji alipata ukazi wa kudumu tarehe 1 Machi 2020. Tarehe 1 Julai 2022 alikwenda Kigoma kusimamia uchimbaji wa visima, akarudi Marekani tarehe 1 Septemba 2023. Alikaa nje miezi 14.

Kama asingesafiri, angetimiza miaka 5 tarehe 1 Machi 2025. Kwa kuwa alikaa nje zaidi ya mwaka, hesabu yake inaanza upya siku aliyorudi. Sheria inamruhusu kuomba baada ya miaka 4 na siku 1 tangu kurudi, yaani tarehe 2 Septemba 2027. Lakini akiomba siku hiyo, miaka 5 iliyotangulia itakuwa bado ina kipande cha safari kinachozidi miezi 6, na ile dhana ya kukatika itamkuta. Akitaka kuiepuka kabisa, atasubiri miaka 4 na miezi 6, yaani hadi Machi 2028.

Miezi 14 ya huduma imemrudisha nyuma miaka miwili na nusu hadi mitatu. Kama binti yake alikuwa na miaka 16 mwezi Machi 2025, atakuwa amevuka miaka 18 kabla baba yake hajaruhusiwa hata kupeleka fomu.

Tunaomba wasomaji waone pia kwamba fundi huyu hakuvunja sheria yoyote. Kadi yake anaweza kuendelea kuwa nayo. Alichopoteza ni miaka.

Karatasi mbili, kazi mbili

Hapa ndipo wengi hukosea. Mtu husema, "Mimi nina kibali, sina wasiwasi." Ni lazima aulizwe ni kibali gani.

Karatasi ya kwanza ni kibali cha kuingia tena, kinachoombwa kwa fomu I-131. Kadi ya kijani peke yake hutumika kurudi Marekani kama mtu amekaa nje chini ya mwaka mmoja. Anayetarajia kuzidisha huomba kibali hiki, ambacho kwa kawaida hudumu hadi miaka 2. Mwombaji lazima awe ndani ya Marekani wakati anapoomba, na kwa kawaida huitwa kuchukuliwa alama za vidole. Kibali hakirefushwi muda wake. Kazi yake ni kulinda mlango: mtu asizuiwe kwa sababu tu ya urefu wa safari.

Karatasi ya pili ni idhini ya kulinda ukazi kwa ajili ya uraia, inayoombwa kwa fomu N-470. Kazi yake ni kulinda hesabu ya miaka.

Kibali cha kuingia tena hakilindi hesabu ya uraia. Na idhini ya N-470 haimpi mtu ruhusa ya kuingia nchini baada ya mwaka, wala haimhakikishii kubaki mkazi wa kudumu. Moja haifanyi kazi ya nyingine. Fundi wetu angekuwa na kibali cha kuingia tena angepita uwanja wa ndege salama, na bado miaka yake ingekatika.

Nani anaweza kuomba N-470

Siyo kila mfanyakazi wa nje anaweza kuomba. Sheria imetaja waajiri kwa aina zao:

1. Serikali ya Marekani, kwa aliyeajiriwa nayo au mwenye mkataba nayo.
2. Taasisi ya utafiti ya Marekani inayotambuliwa rasmi na serikali.
3. Kampuni ya Marekani inayokuza biashara ya nje ya nchi hiyo, au kampuni tanzu ambayo zaidi ya nusu ya hisa zake inamilikiwa na kampuni hiyo.
4. Shirika la kimataifa ambalo Marekani ni mwanachama wake kwa mkataba au kwa sheria, kama Umoja wa Mataifa. Hapa mtu asiwe alianza kuajiriwa na shirika hilo kabla ya kuwa mkazi wa kudumu.
5. Dhehebu la dini au shirika la kimisionari la madhehebu mbalimbali, lenye makao halisi ndani ya Marekani. Kundi hili lina masharti yake.

Kwa makundi manne ya kwanza, mtu lazima kwanza awe amekaa Marekani mwaka mmoja mzima bila kutoka baada ya kuwa mkazi wa kudumu. Neno "bila kutoka" lichukuliwe kama lilivyo. Aliyevuka kwenda Canada siku mbili kwa ajili ya arusi amekata mwaka huo, na ataanza kuuhesabu tena. Pia fomu lazima ipelekwe kabla hajatimiza mwaka mmoja mfululizo nje ya nchi.

Jambo lingine: kwa wafanyakazi wa kampuni, taasisi za utafiti na mashirika ya kimataifa, N-470 hulinda ukazi mfululizo tu. Siku za kuwapo nchini bado zinadaiwa. Aliyekaa nje miaka 3 kati ya 5 hana ile miezi 30, hata kama idhini yake iko sawa. Wafanyakazi wa serikali ya Marekani ndio waliosamehewa sharti hilo la siku.

Wana kamati wameona kwamba shirika la maendeleo lisilo la faida halikutajwa kwa jina katika orodha hiyo. Huu ndio ukweli unaotugusa zaidi. Baadhi ya watu walizoea kuamini kwamba mradi wowote wenye fedha za USAID ni kazi ya serikali. USAID iliacha kuendesha misaada ya nje tarehe 1 Julai 2025. Lakini hata kabla ya hapo, sheria ilitazama mtu ameajiriwa na nani na mkataba wake ni wa nani. Haikutosha kwamba fedha za mradi zilitoka serikalini.

Watumishi wa dini

Kundi la tano lina nafuu kubwa. Linahusu wenye mamlaka ya kutoa huduma ya kichungaji au ya kipadre, pamoja na wamisionari, mabruda, watawa na masista walioajiriwa kwa kazi hiyo peke yake. Hawa wanaweza kuomba kabla ya kusafiri, wakiwa nje, au hata baada ya kurudi. Mwaka mmoja wa kukaa bila kutoka wanautimiza wakati wowote kabla ya kuomba uraia. Tena, muda wao wa utume nje huhesabiwa kama siku walizokuwapo Marekani.

Lakini nafuu hii haimfuniki kila anayetumwa na kanisa. Mhasibu wa mradi, dereva, muuguzi au fundi wa maji hawi mmisionari kwa sababu tu barua yake ya kazi ina nembo ya msalaba. Kitakachotazamwa ni kazi anayoifanya na chombo kilichomtuma. Kamati isiandike barua inayomwita mtu mmisionari ili fomu ipite, kama kweli anakwenda kusimamia saruji. Maelezo ya uongo katika maombi ya uhamiaji yanaweza kumharibia mtu huyo haki zake zote, na kanisa litakuwa limeshiriki.

Mwenzi na watoto

Idhini ya N-470 inaweza kuwahusu pia mume au mke, na watoto wasiooa wala kuolewa wanaomtegemea na kuishi naye huko nje. Majina yao yaingizwe katika maombi.

Kama mtumwa wetu ni raia wa Marekani na mwenzi wake ndiye mkazi wa kudumu, kuna njia nyingine. Mwenzi wa raia anayepelekwa kufanya kazi nje na mwajiri wa aina zilizotajwa katika sheria, yakiwemo madhehebu na mashirika ya kimisionari kwa watumishi wa dini, anaweza kuomba uraia bila kusubiri miaka 3 wala 5. Wengi hawaijui njia hii, na familia huondoka bila kuuliza.

Yaliyo mikononi mwa kamati

Kwanza, gawanyeni kazi. Kama anayekwenda ni mlei ambaye N-470 haimhusu, kazi ya miezi 14 inaweza kufanywa na watu watatu kwa zamu, kila mmoja akikaa miezi 4 au 5. Nauli itaongezeka. Tunawaomba wafadhili wasiione nyongeza hiyo kama ubadhirifu, kwa sababu inalinda miaka ya uraia ya mtu na pengine ya watoto wake.

Pili, panga tarehe kwa akiba. Mvua hukata barabara, vipuri hukwama bandarini, ndege huahirishwa. Tiketi ya kurudi isiwekwe siku ya mwisho ya mwezi wa sita.

Tatu, tunzeni kumbukumbu. Barua ya kutumwa ionyeshe kazi, tarehe za kuanza na kumaliza, na nani anamlipa. Nakala ibaki katika faili la parokia. Mwenyewe atunze tiketi na daftari la tarehe za kutoka na kuingia, kwa sababu fomu ya uraia itamuuliza safari zake.

Nne, aendelee kutoa taarifa ya kodi Marekani kama mkazi. Anayejaza kodi kwa kudai kwamba si mkazi, ili alipe kidogo, anajiandikia mwenyewe ushahidi kwamba aliacha ukazi wake.

Tano, nyumba na familia visisahauliwe. Jumuiya ikisaidia kulipa pango au kuwatunza watoto waliobaki, inasaidia pia kuthibitisha kwamba makao yake hayakuhama.

Sita, aliyeingia Marekani kama mkimbizi asitumwe katika nchi aliyoikimbia kabla hajapata ushauri wa sheria. Safari hiyo inaweza kuzua maswali mengine.

Saba, mwoneni anayejua. Fomu, ada na kanuni hubadilika, na somo hili si ushauri kwa mtu mmoja mmoja. Nendeni kwa wakili wa uhamiaji, au kwa shirika lenye wawakilishi walioidhinishwa na Wizara ya Sheria ya Marekani. Jihadharini na wanaojaza fomu mitaani kwa malipo huku hawana idhini. Kuuliza si ujinga.

Upande wa nyumbani

Uraia mpya una sura mbili. Kenya inaruhusu uraia wa nchi mbili tangu katiba ya mwaka 2010. Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi nyingine, na katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya mwaka 2006 inasema uraia wa Kongo hauchangamani na mwingine. Kwa hiyo wapo wakazi wa kudumu ambao kwa hiari yao hawataki uraia wa Marekani, nao waheshimiwe. Kazi ya kamati si kumchagulia mtu nchi. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba kama miaka yake itakatika, iwe ameamua mwenyewe akijua.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Katika watu tuliowatuma au tunaotarajia kuwatuma, nani ni wakazi wa kudumu? Je, tumewahi kuwauliza?
2. Mradi wetu unaofuata unahitaji mtu mmoja kwa muda mrefu, au watu kadhaa kwa zamu? Tofauti ya gharama ni kiasi gani?
3. Barua zetu za kutuma watu zinaeleza kazi halisi, tarehe na mlipaji?
4. Je, yupo kijana katika familia ya mtumwa wetu anayekaribia miaka 18?
5. Nani katika kamati atapewa jukumu la kumpeleka mhusika kwa mshauri wa sheria kabla tiketi haijanunuliwa?

Tunapendekeza swali la tano lijibiwe kwa jina na liandikwe katika muhtasari wa kikao.